Mwanakhamis au Kauthar? Majina mawili kabla ya siku ya saba

Mtoto alizaliwa saa mbili za usiku. Hospitali wakaandika Jumatano. Bibi yake alipopelekewa habari hakuikubali Jumatano hiyo hata kidogo: jua limekuchwa, watu wameshasali magharibi, huo ni usiku wa Alhamisi, na mtoto wa kike wa Alhamisi jina lake halitafutwi. Ni Mwanakhamis. Baba mtu, ambaye ni mdogo wangu wa mwisho, alikuwa na jina lake moyoni tangu mimba haijaonekana. Yeye anataka Kauthar.

Asubuhi nikapigiwa simu. "Dada, njoo Wete, mama hashikiki." Kwetu shangazi ana kauli katika jina la mtoto, na mimi juu ya ushangazi nimesomesha skuli za Pemba miaka zaidi ya ishirini, kila siku nikiita majina ya watoto wa watu kutoka kwenye daftari la mahudhurio. Nimeyaona majina yakiwapa watoto raha, na nimeyaona yakiwatesa. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu hapa, mtoto aliyezaliwa usiku huanza kuhesabiwa mchana unaofuata, kwa hivyo siku yake ya saba, ya akika na kunyolewa nywele na kupewa jina, ilikuwa Jumatano ijayo. Tulikuwa na siku sita. Nayaandika hapa tuliyoyapima katika siku hizo, kwa ajili ya kila mzazi aliyekaa na mtoto mchanga mapajani na majina mawili kichwani.

Mwana ni nani

Kauthar ni neno la sura ya 108 ya Qur'ani, sura yenye aya tatu tu, fupi kuliko zote. Maana yake ni kheri nyingi, na ndilo jina la mto wa Peponi aliopewa Mtume Muhammad (S.A.W.). Hakuna mzazi wa Kiislamu anayekosea kumtakia binti yake hayo. Ni jina fupi, linapendeza masikioni, na mtoto wa darasa la kwanza hulimaliza kuliandika kabla ya mwalimu hajafuta ubao. Nimewaona watoto wenye majina marefu wakibaki na kalamu mkononi, wenzao wameshafungua ukurasa wa pili.

Mwanakhamis, vijana wa siku hizi hulifasiri "mtoto wa Alhamisi" na kuliona la kishamba. Wanakosea kwenye neno la mwanzo. Mwana katika Kiswahili cha wazee ni heshima ya mwanamke, kama leo tunavyosema Bi. Malkia wa Unguja wa karne ya 17, yule aliyeungana na Waomani dhidi ya Wareno, aliitwa Mwana Mwema. Kwa hivyo Mwanaisha ni Bi Aisha, Mwanajuma ni Bi Ijumaa, na Mwanakhamis ni Bi Alhamisi. Mtoto anazaliwa na kuamkiwa kwa heshima siku hiyohiyo. Mdogo wangu hakuwa akilijua hili, na nilipomweleza alinyamaza kidogo. Lakini hakubadilisha nia.

Majina yaliyokuwa cheti

Kundi la Mwanakhamis ni kubwa, na nalionea uchungu kwa sababu linapotea mbele ya macho yetu. Juma na Mwanajuma ni wa Ijumaa. Khamis na Mwanakhamis ni wa Alhamisi. Rajab, Shaaban na Ramadhan wana miezi yao. Miraji anatukumbusha usiku wa tarehe 27 ya Rajab. Maulid ni wa Mfunguo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume. Haji ni wa Mfunguo Tatu, wakati mahujaji wako Makka, na Arafa ni wa siku ile ya tarehe 9 wanaposimama uwanjani. Idi na Mwanaidi wanajieleza wenyewe. Mosi, Pili na Tatu huwa na njia mbili: nyumba nyingine ni mpango wa kuzaliwa, nyumba nyingine ni Jumamosi, Jumapili na Jumatatu.

Mwalimu mwenzangu mmoja, asili yao Makunduchi, bibi yake akiitwa Mwaka. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuzaliwa. Lakini kila ulipofika mwezi wa Julai, watu wanapokoga mwaka kwa sikukuu ya Nairuzi, wakapigana kwa migomba na kuchoma moto kibanda cha makuti, wajukuu walijua bibi ameongeza umri. Nairuzi ilikuwa imemzaa na Nairuzi ikamtunzia hesabu mpaka anakufa. Jina lile lilifanya kazi ambayo leo tunaipangia foleni na kuilipia ada.

Ukiliweka Kauthar kando ya jina la namna hii, tofauti inaonekana wazi. Kauthar linasema wazazi wanataka nini kwa mtoto. Mwanakhamis linasema mtoto alikuja vipi. La kwanza angeweza kupewa msichana yeyote wa siku yoyote, hapa, Jakarta au Istanbul. La pili limefungwa kwenye usiku mmoja, nyumba moja, na ubishi wa bibi mmoja na karatasi ya hospitali.

Upungufu wake nao nausema. Ijumaa huja kila wiki, na kila Ijumaa huleta Juma wake. Sisi tunaandika jina la mtoto, la baba na la babu, bila ya jina la ukoo kwa nyumba nyingi, kwa hivyo majina yakiwa machache watu hufanana. Nilipata darasa moja lenye wavulana watatu walioitwa Juma, kila mmoja mtoto wa Khamis, na wawili kati yao hata babu ni mmoja kwa jina. Ilibidi niwaite kwa mitaa: Juma wa Limbani, Juma wa Kipangani, Juma wa Bopwe. Wenyewe walizoea. Matatizo yalianza kwenye matokeo ya mitihani, pale mmoja alipopewa alama za mwenziwe na baba zao wote wawili wakaja skuli siku moja. Ukitaka jina la siku kwa mtoto wa kiume, tazama kwanza majina ya baba na babu yake. Likikaa Juma Khamis Juma, mtafutie jengine au mwezi wake.

Kwa mtoto wa kike shida hii imepungua. Mwanakhamis lilikuwa limejaa visiwani enzi za bibi zetu. Katika madarasa yangu ya miaka ya mwisho sikuwa naye hata mmoja. Kauthar nilikuwa nao wanne.

Jina la mzee, na nani atathubutu kuliita

Kulikuwa na jina la tatu lililopita chinichini, nalo ni la bibi mzaa baba wa huyo mama yetu. Ami yetu mmoja alilileta kwa simu kutoka Chake. Jina la mzee ndilo linalopendwa kuliko yote hapa kwetu, hasa kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Angalieni nyumba ya rais wa kwanza wa Zanzibar: baba ni Abeid Amani Karume, mwana aliyekuja kuwa rais kuanzia 2000 hadi 2010 ni Amani Abeid Karume. Jina la babu limerudi kwa mjukuu, na mnyororo ukazunguka. Nyumba nyingi za Pemba zinakwenda hivyo: Hamad wa Ali, Ali wa Hamad, Hamad wa Ali, mpaka ukiwa na umri wa kutosha unawahesabu kama shanga.

Uzuri wake ni usomo. Anayechukua jina la mtu huwa somo wa mtu huyo, wajina wake, na kama mzee yuko hai, mtoto amepata mlezi wa ziada. Somo wako akija sikukuu hukosi nguo. Ukiugua, yeye ndiye wa mwanzo kukaa kitandani. Na kama mzee ameshatangulia mbele ya haki, jina lake huitwa nyumbani kila siku badala ya kutajwa kwenye hitima tu.

Sasa niseme upande wa pili, ambao watu hawaufikirii mpaka maji yafike shingoni. Mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Mtoto akipewa jina la babu yake mzaa baba, mama aliyemzaa hawezi kumwita. Kaka yangu mkubwa alimpa mwanawe jina la marehemu baba yetu. Wifi yangu hakuwahi kulitamka. Alimwita Babu, na majirani wakamwita Babu, na bibi yake akimwita "mume wangu" kwa utani wa bibi na mjukuu. Mtoto akaingia skuli ya maandalizi, mwalimu akaita jina la kwenye fomu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mtoto amekaa kimya anatazama dirisha. Walimwandika hayupo. Siku ya nne ndipo kaka alipoitwa, na mtoto akaulizwa mbele ya baba yake: "Wewe nani?" Akajibu: "Babu." Alikuwa na miaka minne na hajawahi kuambiwa jina lake.

Halafu kuna kukaripia. Mtoto ni mtoto, atapanda mwembe wa watu, atavunja gudulia, na lazima aitwe kwa ukali. Ukilipandisha sauti jina la marehemu, bibi aliyeko uwani atakujibu: "Jina la mume wangu usilifokee." Kwa hiyo jina la mzee nalipenda, lakini lina kodi, na anayeilipa zaidi ni mama wa mtoto. Akubali yeye kwanza. La ami yetu tuliliweka pembeni kwa sababu hiyo hasa.

Kanga ina jina, na mtoto ana jina

Sisi tunasema kanga ina jina. Yale maneno ya chini ndiyo jina lake, na mwanamke huchagua jina la kanga akijua nani atalisoma. Wazee wetu waliwapa na watoto majina ya namna hiyo. Semeni: nyinyi semeni tu, mimi nimezaa. Sikudhani. Sikitu. Sihaba. Nyuma ya kila moja palikuwa na jirani, mke mwenza, au mume aliyesafiri akachelewa kurudi. Kwa mama lilikuwa jibu alilokosa pa kulitoa. Lakini kanga ikichakaa hukatwa matambara, na aliyelengwa na fumbo hufa au huhama, na msichana anabaki na Semeni yake maisha yote bila ya kujua anamwambia nani.

Nayapenda majina haya kuyasikiliza kuliko kuyashauri. Pembeni yake yapo mengine ya Kiswahili safi ambayo ningempa mtoto leo bila ya wasiwasi: Subira, Riziki, Zawadi, Faraja. Subira hasa. Ni jina linaloeleweka na kila mtu aliyeko barazani bila ya kufasiriwa, na linaeleza miaka ya kungoja bila ya kumtupia mtu yeyote jiwe.

Mazito zaidi ni yale ya kinga. Mama aliyezika watoto wawili au watatu, akipata mwengine, alimpa jina la kumdunisha ili jicho la hasidi na mauti yenyewe yasimtamani: Mtumwa, Kijakazi, Tabu, Shida. Walikuwa wakijaribu kuokoa roho kwa chombo walichokuwa nacho, na mimi siwezi kuwacheka. Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa taarab aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika miaka ya 1880, wazazi wake walimwita Mtumwa. Fikirini jina hilo lilivyokuwa zito wakati huo. Mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ulitiwa saini 1873, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar 1897. Msichana huyo alikua katika kisiwa ambamo neno lile lilikuwa bado ni hali ya watu walio hai njiani. Alipoingia mjini na sauti yake ikajulikana, akapewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurikodiwa santuri, alikwenda kama Siti. Hakuna anayemtafuta Mtumwa binti Saad.

Kwa hivyo jina la kinga ningelisimulia kwa mtoto kama habari ya bibi zake, na nisingemwandikia kwenye cheti. Watoto wa leo ni wepisi wa kufasiri na wepisi wa kukejeli. Nilikuwa na msichana darasani aliyeitwa Shida. Kila mwalimu mgeni alipouliza "Kuna shida?" darasa zima liligeuka kumtazama. Alicheka nao mwaka mzima. Mwaka wa pili hakucheka.

Majina mapya: kuwemo katika Qur'ani hakutoshi

Kundi la Kauthar ndilo linalotawala sasa: Tasnim, Salsabil, Firdaus, Yusra, Rayyan. Mengi ni mazuri mno. Tasnim na Salsabil ni chemchemi za Peponi, na Rayyan ni mlango wa Peponi wa wenye kufunga. Ninalowaomba wazazi ni kuuliza kabla ya kuandika. Neno kuwemo ndani ya Msahafu halilifanyi kuwa jina jema. Firauni, Qarun na Haman wamo. Katika sura hiyohiyo ya Al-Kauthar, neno la mwisho kabisa ni abtar, aliyekatiwa kheri, nalo linasikika zuri kwa asiyejua. Mpelekeeni mwalimu wa chuo cha Qur'ani anayejua lugha, si simu.

Herufi zetu nazo hudanganya. Asiya ni jina la mke wa Firauni, mwanamke mwema aliyeamini. Lakini kwa Kiarabu lipo neno jengine, kwa ain na sad, ambalo sisi tutaliandika vilevile Asiya, na maana yake ni mwenye kuasi. Mtume alikutana na mwanamke mwenye jina hilo la pili akambadilisha, akamwita Jamila. Anayempa binti yake Asiya leo na amwandikie pahala kwa herufi za Kiarabu, ajue la nani amelichukua.

Kwa wavulana, jina linaloanza na Abdul ni katika bora ya majina. Mtume amesema majina yanayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdulrahman. Ila pimeni jinsi litakavyokatwa mitaani. Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah, jina lake maana yake ni mja wa Mwenye Kuruzuku. Ukilikata likabaki Razak, umemwondoa mja na umembakisha asiyekuwa yeye. Abdalla atakuwa Dula mkitaka msitake, na Dula hana neno baya. Rahman peke yake lina neno.

Na lakabu inaweza kulimeza jina zima. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuimba umri wake wote, jina lake ni Fatma binti Baraka. Kidude aliitwa kwa udogo wake alipozaliwa. Watu walimzika Bi Kidude.

Karatasi

Mpaka siku ya nne wote tulikuwa tumesema: bibi, baba, shangazi, ami. Mama mtoto alikuwa kitandani chumbani, ananyonyesha, na hakuna aliyemuuliza. Nikaingia mimi.

"Wifi, wewe wataka lipi?"

"Kauthar," akasema, "lakini si kwa ajili ya Pepo, dada. Ni kwa ajili ya karatasi."

Wifi yangu huyu naye jina lake linaanza na Mwana. Wakati wa kuandikishwa, karani aliyapokea maneno mawili: Mwana, nafasi, halafu lililobaki. Kwa hivyo kwenye karatasi moja yeye ni mtu mwenye majina matatu, kwenye nyengine ana manne, na pahala pengine mashine imemchukua Mwana kuwa jina lake na nusu ya pili kuwa jina la baba. Alipotaka kusafiri, alirudishwa mara tatu. Akala kiapo, akalipa, akangoja. "Kila dirisha nikifika wananiuliza baba yangu ni nani hasa. Sitaki mwanangu aulizwe hivyo."

Hili ndilo lililonibana kuliko yote, kwa sababu ni kweli, na nimeliona skuli. Hapa mtu huandikwa Khamis, akivuka bahari kwenda Dar es Salaam wanamwandika Hamisi. Othman huwa Athumani. Fatma huwa Fatuma. Maryam ana sura nne nilizozihesabu mimi mwenyewe: Maryam, Mariam, Mariamu, Meriam. Nilipata kumfundisha msichana aliyefaulu vizuri sana, akakaa muda mrefu bila ya kuendelea kwa sababu cheti cha kuzaliwa kina y na cheti cha skuli kina i.

Lakini nilipoyaweka majina yetu mawili mbele ya karatasi, sikuona Kauthar ikishinda kama wifi alivyotarajia. Wale wanne niliokuwa nao darasani, mmoja alikuwa Kauthar, wa pili Kawthar, wa tatu Kauthari, na wa nne Kausar. Jina la kigeni zuri lina mlango wa makosa kila herufi. Mwanakhamis lina milango miwili tu: ile kh, na ile nafasi ya katikati. Nafasi inazibika. Mzazi akiliandika mwenyewe neno moja siku ya kwanza, na akakataa kuondoka mpaka aone limenakiliwa neno moja, karatasi zote zinazofuata zitaifuata hiyo.

Nikamwambia na jambo jengine, kwa kuwa mtoto ni wa kike. Mvulana jina lake litafuata kwa wanawe na wajukuu wake, likiwa la pili na la tatu. La msichana halifuati huko. Na kwetu mwanamke hachukui jina la mumewe. Atakalopewa Jumatano ni lake peke yake, kutoka fomu ya sheha mpaka jeneza, halichanganyiki na la mwengine. Basi na liwe lenye habari yake yeye.

"Na mimi ndiye nitakayemwita," akasema wifi. Akalijaribu kwa sauti ya chini, mtoto yuko kifuani. Mwanakhamis. Kisha kwa sauti ya kumwita aliyeko uwani: "Mwanakhamis, we!" Jina refu lina pa kuvutia pumzi. Akajaribu na Kauthar. Likatoka zuri, likaisha upesi. Akarudia la kwanza.

"Na mama mkwe si jina lake?"

"Si lake. La kwake halianzi na Mwana. Waweza kulifokea unavyotaka."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nimefika.

Jumatano

Mbuzi alichinjwa mmoja, kama ilivyo kwa mtoto wa kike, mtoto akanyolewa, jina likatajwa. Mdogo wangu alilipokea bila ya kinyongo. Kauthar ameiweka, amesema, kwa atakayefuata akiwa wa kike, na mimi nimemwambia auchunge ule u wa katikati.

Wiki ya pili tukenda kwa sheha. Wifi hakumpa mtu kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa, akizikamatisha, akiweka kidole cha mkono wa kushoto mbele ya kila herufi ili inayofuata isipate nafasi ya kukimbia. Kwenye siku ya kuzaliwa ikabidi afuate karatasi ya hospitali. Jumatano.

Tuliporudi, mama aliomba aoneshwe. Herufi za kizungu hazijui, amesoma chuo tu. Akaitazama fomu, akaniuliza khe yake iko wapi, nikamwonesha zile mbili, k na h, akasema zimekaa. Kisha akaenda kabatini akakitoa kile kitabu cha maulidi cha marehemu baba, ambacho ndani ya jalada tumeandikwa sote tuliozaliwa katika nyumba ile, kwa wino wa rangi tofauti. Akaandika kwa Kiarabu, polepole, mkono ukimtetemeka: Mwanakhamis binti ya fulani, usiku wa Alhamisi, baada ya magharibi.

Akapuliza wino ukauke.